Poda ya shilingi 15,000 kwenye jua la Arua

Ukitaka kujua kama poda inafaa, usiitazame asubuhi. Asubuhi kila poda ni nzuri. Uso umetoka kuoshwa, upepo bado una ubaridi, kioo cha nyumbani kiko kivulini, na saa moja ya asubuhi hata unga wa mhogo ungetulia kwenye paji la uso. Itazame saa tisa alasiri, mwezi wa pili, ukiwa umetoka sokoni. Kisha itazame tena unapoipaka mara ya pili juu ya uso huohuo. Hapo ndipo poda nyingi hushindwa, za bei ghali na za bei nafuu, na hapo ndipo hii niliyoinunua kwa shilingi 15,000 imenifurahisha kiasi cha kuiandikia makala nzima.

Kwa wasioijua Arua, mji wetu wa kaskazini magharibi mwa Uganda, kiangazi chetu huanza Desemba na kuendelea hadi Machi. Joto la mchana hupita nyuzi 30, na upepo huja mkavu kutoka kaskazini mashariki ukiwa umebeba vumbi. Machi 2024 majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Sisi hatufiki huko, lakini duka langu la vitambaa lina paa la mabati bila dari, na kuanzia saa tano hadi saa kumi joto hushuka moja kwa moja utosini. Mteja anakuja kuchagua kitambaa cha harusi, nami nataka anione nikiwa nadhifu. Kwangu poda ni sehemu ya kazi kama ilivyo pasi.

Kiangazi kina jambo moja linalowachanganya watu. Ngozi hukauka na kung'aa kwa wakati mmoja. Mashavu yanakakamaa, midomo inapasuka, huku paji la uso, pua na kidevu vinameremeta. Wengi huita yote hayo jasho, lakini ni vitu viwili. Jasho ni maji na chumvi, na mwili huyatoa ili yakauke juu ya ngozi na kuipoza. Mafuta hutoka kwenye tezi nyingine, taratibu, kutwa nzima, na ni mengi zaidi pale katikati ya uso. Poda inaweza mafuta. Jasho hailiwezi, iwe ya shilingi 15,000 au ya laki mbili.

Sababu yake iko kwenye poda yenyewe. Sehemu kubwa ya poda nyingi za uso ni talki, jiwe laini lililosagwa likawa vipande vidogo bapa vinavyoteleza juu ya ngozi na kunywa mafuta. Huongezwa wanga wa mahindi au silika ili kunywa zaidi, ulanga kwa mng'ao kidogo, na zinki stearati ili poda ishike usoni na isimomonyoke kwenye kibweta chake. Ukiipaka juu ya mafuta kidogo, inayanywa na uso unatulia. Ukiipaka juu ya jasho, inageuka uji. Uji ule ukikauka unapasuka juu ya mdomo, kando ya pua na kwenye mikunjo ya kucheka, na mtu anaonekana amezeeka kabla ya saa nane. Kisha poda inalaumiwa, ilhali ilipakwa juu ya uso uliolowa.

Hii yangu ni poda iliyoshindiliwa, ya kibweta cha plastiki chenye kioo ndani ya kifuniko na sponji nyembamba chini yake. Jina lake silitaji kwa makusudi, maana katika masoko yetu vibweta viwili vyenye jina moja vinaweza kuwa vimetoka viwanda viwili tofauti, na sitaki mtu anunue jina. Nataka anunue kwa macho yake.

Na macho yanahitaji jua. Maduka ya vipodozi mjini, pamoja na rafu zile za famasi zinazouza sabuni na krimu, yana taa nyeupe zinazoifanya kila rangi ionekane ya kistaarabu. Binti aliyeniuzia ni mwerevu na ana adabu, lakini alianza kama wanavyoanza wengi:

“Aunti, chukua hii iliyo juu kidogo. Itakung'arisha.”

“Mwanangu, mimi sitaki kung'ara. Nataka rangi yangu.”

Alicheka, akaniletea kibweta cha kuonjesha. Nikamwomba nitoke nacho barazani. Nilipaka mistari mitatu ya namba tatu tofauti za rangi kwenye taya, kuanzia chini ya sikio kuelekea kidevuni. Mkono sikuutumia, kwa sababu kiganja na hata mgongo wa mkono si rangi ya uso. Mstari mmoja ulionekana kama majivu palepale. Miwili mingine ilionekana sawa kabisa. Nikasimama pale tukiongea habari za bei ya unga na ada za shule mpaka ngozi ikaanza kutoa mafuta yake. Ndipo mmoja ukazama na kuwa mweusi kuliko taya yangu, jinsi vumbi jekundu la barabara ya murami linavyobadilika rangi likidondokewa na mvua. Mwingine ulipotea. Sikuuona tena mpaka nilipopitisha kidole na kidole kikatoka na rangi. Huo ndio nilioununua.

Nasisitiza kusubiri huku. Chembe za rangi zikilowa mafuta huonekana nyeusi zaidi kuliko zikiwa kavu, hivyo rangi unayoiona dakika ya kwanza siyo utakayotembea nayo mjini. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna na jambo la rangi ya ndani. Wengine tuna wekundu chini ya ngozi, wengine umanjano, na poda inaweza kuwa nyeusi kama wewe na bado ikakukataa kwa sababu wekundu wake si wako.

Nyuma ya boksi kuna maandishi madogo ambayo yanafaa kusomwa. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, ndiyo maana mara nyingi utaona talki ikiongoza. Mwishoni huja namba za rangi. CI 77491 ni oksidi ya chuma nyekundu, 77492 ya manjano, 77499 nyeusi. CI 77891 ni titani dioksidi, ambayo ni nyeupe. Poda nyingi zina zote nne, na kwa kuwa rangi zinaruhusiwa kuandikwa mwishoni bila kufuata wingi wake, orodha haikuambii nyeupe ni kiasi gani. Lakini taya yako barazani itakuambia. Nyeupe ikizidi, uso wa kahawia unakuwa wa kijivu, na jasho likipita linachora mifereji ambayo kila mtu anaiona.

Nyeupe hiyohiyo, pamoja na silika, ndiyo inayoharibu picha za harusi usiku. Mtu ameonekana vizuri ukumbini, mpiga picha anawasha mwanga wa kamera, poda inaurudisha mwanga ule, na kwenye picha pua na chini ya macho ni kama pamemwagiwa unga. Kabla ya sherehe mwambie mtoto akupige picha kwa simu ndani ya chumba chenye giza, mwanga wa kamera ukiwa umewashwa. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba.

Lile neno la kung'arisha bado linaniuma, tena si kwa binti yule peke yake. Tumezoeshwa kudhani kwamba poda ya mtu mweusi lazima impandishe ngazi mbili kuelekea weupe. UNBS, shirika la viwango la taifa, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu ya madhara ya kujichubua, na hilo ni jema. Lakini mawazo yanayompeleka mtu kwenye krimu ya kujichubua yanaweza kuanzia kwenye kibweta cha poda, siku msichana wa miaka kumi na saba anapoambiwa kwamba namba inayolingana naye si nzuri. Ukiwa na binti nyumbani, mnunulie rangi yake, na mwambie ni rangi yake.

Na si kweli kwamba poda ya watu weusi ni kitu kipya kilichosubiri kampuni kubwa za leo. Mwaka 1898 Anthony Overton, Mmarekani mweusi, alianzisha kampuni yake, iliyokuja kusifika kwa vipodozi, mjini Kansas City, akaihamishia Chicago mwaka 1911, na bidhaa iliyompatia jina ni poda ya uso iliyoitwa High-Brown, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake weusi. Zaidi ya karne moja! Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za fandesheni, dunia ilishangaa, na nilifurahi kama wengine. Lakini mshangao ule unaonyesha ni muda gani wanawake weusi wameachiwa rangi mbili au tatu za kuchagulia.

Sasa nirudi alasiri. Mimi ni Mwislamu, nakaa Oli hapa Arua, na uso wangu unaoshwa adhuhuri na alasiri kwa ajili ya udhu. Nawajua wanawake wengi wanaojipodoa siku zile tu wasizoswali, siku nyingine wanaacha kabisa, kwa kuona kwamba kupaka asubuhi na kuosha mchana ni hasara. Nimeona kinyume chake. Katika joto hili udhu ndio rafiki mkubwa wa poda. Maji yanaondoa chumvi, vumbi la barabara na ule uji wa asubuhi, na yanaipoza ngozi. Hakuna tishu wala dawa ya kunyunyizia inayofanya kazi hiyo kwa usafi ule.

Ila kuna mpangilio. Nikishanawa, nabonyeza uso kwa kitambaa cha pamba, sifuti kwa kuburuta. Kisha naswali. Poda sigusi kabla ya swala, kwa sababu iliyopakwa kabla huacha alama ya kahawia kwenye msala pale paji linapogusa, na msala wa watu mtu hauchafui. Muda wa swala unatosha ngozi kukauka na pumzi kutulia. Nikimaliza, nakaa kidogo mlangoni penye upepo, nasubiri jasho lile la kusimama na kuinama liishe, ndipo nafungua kibweta. Paji, pua, kidevu. Nabonyeza sponji na kuinyanyua, mashavu siyagusi kwa sababu mwezi wa pili yamekauka tayari na poda ingeyafanya yaonekane na magamba.

Hapo ndipo hii ya 15,000 iliposhinda. Poda nyingine niliyoitumia kabla yake, ya bei mara nne, ilikuwa nzuri sana hadi adhuhuri, lakini ilitengenezwa kwa mtu anayejipaka mara moja na kukaa kwenye kiyoyozi. Ilishika ngozi kwa nguvu, maji ya udhu yaliikuta kama kizuizi, ikabidi kusugua kwa sabuni ili nijiridhishe kwamba maji yamefika. Nilipoipaka tena ilikaa tabaka juu ya tabaka, na kufikia saa kumi uso ulikuwa mzito. Hii ya bei nafuu haina ukaidi huo. Inatoka kwa maji na viganja, inarudi kwa sponji, na safu ya alasiri inaonekana sawasawa na ya asubuhi. Haikai kutwa, na sikuitaka ikae kutwa. Kwa mwanamke anayeosha uso mchana, awe ni kwa udhu au kwa sababu ametoka kwenye boda akiwa amefunikwa na vumbi jekundu, sifa ya poda ni kukubali kuanza upya.

Kasoro zake ni za kweli. Sponji yake ni duni, nyembamba kama biskuti iliyonyonywa, na niliitupa nikanunua nyingine nene. Harufu yake ni kali kidogo siku za mwanzo. Na ndani ya wiki chache uso wa poda uliota ngozi ngumu yenye kung'aa, sponji ikipita inatoka bila kitu. Wengi hudhani poda imeharibika au imeisha. Haijaisha. Ni mafuta ya uso wetu, yanabebwa na sponji na kurudi kibwetani hadi yanafunga juu ya poda. Kata kipande cha selotepu, kibandike juu ya pale panapong'aa, kibonyeze kwa kidole gumba, ukibandue. Kinatoka na tabaka jembamba la kahawia, na chini yake poda ni laini kama siku ya kwanza. Sponji nayo ioshwe kwa sabuni ya kawaida na ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Sponji yenye unyevu iliyofungiwa kwenye kibweta ndani ya mkoba wa moto ni nyumba ya vijidudu, na vipele vya kidevuni vinavyosingiziwa poda mara nyingi vinatoka pale.

Kinachopakwa chini ya poda kina uzito kuliko tunavyodhani. Huku kaskazini tumebarikiwa mafuta ya shea ya aina ya nilotica, ambayo ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi na huyeyuka upesi yakigusa ngozi. Kwa magoti, visigino na midomo iliyopasuka na upepo wa Januari, sijaona yanayoyazidi. Lakini ukiyapaka usoni asubuhi na kuweka poda juu yake, kufikia saa nne vyote viwili vimeteremka hadi kwenye kola. Shea naipaka usiku. Asubuhi natumia losheni nyepesi ya maji, kidogo mno, mashavuni zaidi, naiacha izame wakati nakunywa chai. Na chai yenyewe ya moto niinywe kabla ya kujipodoa, siyo baada.

Boksi la poda yangu limeandikwa SPF 15, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua. Msiutegemee ulinzi huo. Kipimo cha SPF hufanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na hakuna mtu anayejipaka poda nyingi kiasi hicho akabaki na sura ya kutoka nje. Karibu na ikweta jua ni kali mwaka mzima, hata penye mawingu. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini madoa meusi ya mashavuni yanazidishwa na jua, na kinachosaidia ni krimu ya kujikinga, kofia pana, au mwavuli kama wanavyotembea nao mama zetu.

Kuhusu talki nimeulizwa mara nyingi dukani. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya watoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, kisha duniani kote mwaka 2023, baada ya kesi nyingi. Julai 2024 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Tafiti zilizozungumziwa sana zinahusu kujipaka sehemu za siri na saratani ya ovari, na kuna hofu ya asbesto, madini yanayoleta saratani, ambayo hupatikana ardhini jirani na talki. Mimi naendelea kutumia poda iliyoshindiliwa usoni, kidogo, kwa kubonyeza. Poda ya unga ya kujimwagia shingoni na kifuani nimeiacha, na simpigii mtu poda karibu na mtoto mchanga, kwa sababu vumbi lile linaingia mapafuni. Anayetaka kuikwepa kabisa anaweza kupata poda za wanga wa mahindi, ingawa kwenye jasho zinavimba na kugandamana upesi zaidi.

Nilipomrudia yule binti kununua sponji, nilimuuliza kwa nini rafu yake imejaa namba za juu, zile nyeupe, na za chini hakuna. Akanieleza biashara ilivyo. Mzigo unatoka Kikuubo, Kampala, kwa dazeni zilizochanganywa. Zile nyeusi zinaisha wiki ya kwanza. Nyeupe zinabaki, na hawezi kuagiza dazeni nyingine kabla hajaziuza, ndipo anapolazimika kumwambia kila mteja kwamba itamng'arisha.

“Aunti, si kwamba napenda,” aliniambia. “Pesa yangu imelala pale.”

Nilimwelewa, maana na mimi nina vitambaa vilivyolala. Tukakubaliana kitu. Ana daftari la madeni ya wateja, na kwenye kurasa za nyuma tumeanza kuandika majina ya wanawake wanaotaka namba za chini, kila mmoja na namba yake aliyoipima barazani, na kiasi alichotanguliza. Shangazi zangu wameandikisha, mafundi cherehani wawili wa jirani pia, na walimu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Karatasi ikijaa, anampigia mwenye duka la jumla Kikuubo na kumwomba dazeni ya namba moja, isiyochanganywa. Basi la usiku linaufikisha mzigo Arua asubuhi.